Mkono Mbele ya Katapila

Leek,
6 Machi 1994

Mwanangu Denise,

Kabla ya yote, kifua chako kinasemaje? Sisi huku wazima, ila goti la baba yako limeanza malalamiko yake ya baridi, na mimi nina mafua ya kuchokoza tu, si ya kulaza mtu kitandani. Jirani yetu Edna anakusalimu. Paka wake naye yuko hapa mezani, ananitazama ninavyoandika kama mkaguzi.

Barua yako nimeisoma kwanza peke yangu, halafu baba yako akaomba nimsomee. Nikamsomea, ila nikaruka pale uliposema karavani inavuja. Mwanangu, karavani inayovuja mwezi wa tatu! Kwani jumba kubwa vile, lenye madirisha ambayo hata mwenyewe hajawahi kumaliza kuyafungua, halina kachumba ka pembeni ukalala? Tandika magazeti chini ya godoro. Gazeti hunyonya unyevu kuliko blanketi. Na soksi usizikaushe kwa kuzivaa, nakujua.

Sasa nikuulize jambo, usinicheke. Unajua shule niliiacha mapema nikaingia kiwandani kusokota nyuzi. Edna ameniuliza, "Denise anafanya kazi gani hasa huko?" Nikamjibu, "Anachimba mambo ya kale." Akasema, "Lakini si ulinambia kuna katapila inachimba?" Nikajidai birika linachemka. Kweli, mwanangu, kama katapila inachimba, wewe unafanya nini? Nieleze kwa maneno ya kawaida. Mwana wa Edna ni daktari wa meno na haipiti siku bila kunikumbusha.

Sikulaumu kwa kuacha kazi ya benki. Nilishasema na nimenyamaza. Ila pale benki ulikuwa na hita miguuni.

Kula. Jifunike. Uandike.

Mama yako


Jumba la Ashlade, Shropshire
13 Machi 1994

Mama mpenzi,

Salamu za heshima kwako na kwa baba. Kifua kimetulia. Magazeti nimeyatandika, na umesema kweli, ingawa sasa nalala juu ya matokeo yote ya mpira.

Nikueleze kazi. Jumba linawekewa mabomba mapya ya maji machafu, kutoka jikoni, chini ya ule uwanja mkubwa wa nyasi, mpaka barabarani. Halmashauri imetoa kibali kwa sharti moja: katapila ikichimba, awepo mtu wa mambo ya kale amesimama anatazama. Mtu huyo ni mimi. Nasimama kando ya ndoo ya katapila nikiangalia udongo. Ukibadilika rangi, au kikitokea kitu, nainua mkono, na nikiinua mkono mashine inasimama. Haijalishi ni nani atakayekasirika. Siku nyingi sioni kitu, na hilo nalo naliandika: leo hapakuwa na kitu. Mtu asipotazama, mama, hawezi kusema hapakuwa na kitu.

Dereva wa katapila anaitwa Clive Preece, jitu la mashavu mekundu, mzaliwa wa kijiji cha hapa. Siku ya kwanza alikuja na ndoo yenye meno. Nikamwomba afunge ile bapa isiyo na meno, kwa sababu meno huvuruga udongo kama uma ndani ya keki. Akaniangalia kutoka kule juu kwenye kiti chake. "Mimi nachimba tangu wewe unanyonya," akasema. "Leo umekuja kuning'oa meno?" Lakini akabadilisha. Tangu hapo naitwa Bi Mwiko, kwa sababu ya mwiko wangu wa kukwangulia udongo.

"Bi Mwiko! Hicho nini? Jino la mfalme?"

"Ni jiwe, Clive."

"Afadhali. Nilidhani ni langu, nilipoteza moja Jumamosi kwenye baa."

Wenzake hucheka mpaka makoleo yanawaanguka. Fomani, Bwana Hodnett, yeye hacheki. Anatazama saa.

Mahali penyewe pazuri sana. La ajabu ni kanisa. Limesimama peke yake kwenye nyasi karibu na jumba, na kijiji kiko mbali kule nje ya ukuta. Kila Jumapili watu wanakatiza matope kwa miguu kwenda kusali. Kitabu wanachouziwa wageni mlangoni kinasema hapa pote palikuwa malisho ya kondoo tangu hapo.

Bosi wangu, Bwana Garside, ameniachia kazi hii peke yangu. Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Mei. Niombee.

Mwanao,
Denise


Leek,
17 Machi 1994

Denise wangu,

Tumeipokea barua yako na tumefurahi, afya zetu ni zilezile, za watu wazima wanaolalamika na kula vizuri.

Yaani wewe ukiinua mkono, katapila inasimama! Nimemwambia baba yako. Aliinua mkono wake mwenyewe akautazama. Nimemwambia Edna. Nimemwambia muuza nyama, ingawa hakuwa ameniuliza. Nimemwambia mwanamke mmoja kituo cha basi ambaye hata jina lake silijui, naye akasema, "Wangu hawezi kusimamisha hata mbwa."

Lakini huyo Clive ananitia wasiwasi. Mtu mwenye mashine kubwa si wa kugombana naye. Mpe maneno matamu. Nakutumia chapati za shayiri za kwetu, za jibini ni zako, hizo nyingine mpe yeye. Mwanamume akishatafuna chako anaona haya kukusema vibaya. Na usisimame karibu na ndoo. Kando maana yake nini? Kando ya mbali au kando ya karibu?

Niandikie kando ni wapi.

Mama yako


Ashlade,
29 Machi 1994

Mama,

Natumaini mafua yameisha na goti la baba limepata nafuu. Mimi sijambo mwilini.

Chapati alizila zote, na za jibini pia. Halafu akafanya alichofanya.

Jumatatu ndoo ilipoinuka nikaona kitu cha kahawia kinang'aa kwenye udongo, kipande cha jagi, mkono wake bado upo, na vipande vingine kando yake, vimekaa vizuri kama mtu kavipanga. Nikainua mkono.  Nikakimbia jumbani kuomba simu, nikampigia Bwana Garside. Akaacha shughuli zake akaendesha gari mpaka hapa. Wote wametuzunguka, kimya, kofia mikononi kama watu wa mazishini. Bwana Garside akachukua kipande cha chini, akakisugua kwa kidole. Palikuwa na karatasi ndogo imebandikwa: bei, kwa mkono, ya mnada wa kanisa.

Clive alilala kifudifudi juu ya katapila kwa kicheko. Jagi walilinunua huko wakalivunja, wakalifukia nilipokwenda kula.

Huwa wanawafanyia wageni wote, wanasema. Lakini kwa aliyekuja kabla yangu ulikuwa mfupa wa kuku, na alicheka nao. Mimi nilimleta bosi. Bwana Garside hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu, "Siku nyingine osha kwanza, ndipo upige simu." Fomani amelalamika kwenye kampuni yetu: mashine ilisimama nusu siku kwa ajili ya upuuzi. Ikitokea tena watamtaka mtu mwingine.

Sasa kila nikigeuka naulizwa, "Bi Mwiko, umefika mnadani?" Natazama udongo na siamini macho yangu.

Usimwambie Edna.

Denise


Leek,
1 Aprili 1994

Mwanangu mpenzi,

Salamu za huku nitazipitisha haraka, sote tuko salama, moyo wangu ndio hauko mahali pake.

Washenzi hao! Chapati zangu tumboni, halafu wanakufanyia mambo ya watoto wa shule! Ningekuwa huko ningemvuta huyo Clive sikio mpaka afike Leek. Baba yako amekaa uani tangu asubuhi. Nilipomsomea barua alisema neno moja ambalo sitaliandika.

Sasa nisikilize, nimeomboleza na nimefikiri. Shika kazi yako kimyakimya. Usiinue tena mkono mpaka uone dhahabu inakumulika usoni, au mfupa wa mtu kamili na kichwa chake. Vingine viache vipite. Nani atajua? Udongo ni udongo. Miaka yangu yote kiwandani nilijifunza kwamba watu kama sisi hatusimamishi mashine. Mwenzangu wa kiwandani, yule Vera, aliwahi kusimamisha moja kwa haki kabisa, uzi ulikuwa unakatika, na walimtoa Ijumaa ileile. Mei haiko mbali. Majaribio yakiisha, ukishakuwa wa kudumu, hapo inua mikono yote miwili na miguu.

Na kama huwezi kuvumilia, njoo nyumbani. Baba yako alipita benki, wakamwambia hawajapata wa kukaa kwenye dirisha lako. Chumba chako nimekipangusa. Sikushurutishi. Ila nimekipangusa.

Mama yako anayekupenda


Leek,
20 Aprili 1994

Denise,

Hujambo? Sisi tupo, lakini hatulali vizuri. Hujajibu. Mtu wa posta akipita barabarani namuona kabla hajakata kona, naye akiniona anatikisa kichwa kwa mbali ili nisisumbuke kutoka nje.

Je, unaumwa? Wamekutoa? Kama wamekutoa sema tu, hakuna atakayekuuliza, wala hutalazimika kusimulia. Au niliyoandika yalikukera? Mimi si mtu wa shule, mwanangu, naandika kama ninavyoogopa.

Baba yako anasema tuje na basi. Nimemwambia tungoje siku chache. Ameshapaka viatu rangi.

Andika hata mstari.

Mama


Ashlade,
24 Aprili 1994

Mama yangu, na baba,

Nisameheni. Mimi mzima, sijafukuzwa, na barua yako haikunikera. Nilikuwa siwezi kushika kalamu kwa matope na uchovu. Kaeni chini msome pamoja, na wewe mama usiruke kitu.

Barua yako ya kunikataza niliipata asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi. Niliisoma nikanywa chai, nikaitia mfukoni mwa koti, nikaenda mtaroni. Tulikuwa tumefika katikati ya uwanja wa nyasi. Ndoo ikapita mara moja, ikainuka, na chini nikaona udongo mwekundu. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Doa jekundu lililoungua, upana wa meza yetu ya jikoni, na kando yake mstari wa changarawe.

Nilikusikia, mama, kama umesimama nyuma yangu: dhahabu, au mfupa wenye kichwa. Na hapakuwa na dhahabu. Ndoo ilikuwa inashuka tena. Kama ningenyamaza, pigo hilo moja lingefuta kila kitu, na hakuna mtu duniani ambaye angejua kuwa niliona. Mimi tu.

Nikainua mkono.

"Aaa!" Clive akapiga kelele. "Kanisa limefungua tawi huku!" Kicheko mtaro mzima. Fomani akaja mbio, saa mkononi. "Binti, ni jagi tena?"

"Sijui bado ni nini."

"Hujui! Basi sikiliza. Mashine hii ikisimama leo bila sababu, mimi mwenyewe nitakubebea mabegi mpaka stesheni. Clive, endelea!"

 Nikaruka mtaroni nikasimama juu ya lile doa. Ndoo ilikuwa juu ya kichwa changu. (Kando ya karibu sana, mama. Haitatokea tena.) Clive akazima mashine. Mtu angesikia kondoo wa ng'ambo ya ukuta wakitafuna.

Akashuka. "Haya, Bi Mwiko. Nionyeshe hiyo dhahabu."

Nikapiga magoti, nikakwangua. Chini ya wekundu palikuwa na jiwe bapa lililopasuka kwa moto. Kulizunguka jiwe, sakafu ya udongo iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu kama ngozi ya kiatu. Na pale changarawe zilipokatika, jiwe la kizingiti, limelika katikati.

"Hapa ndipo walipokanyaga wakiingia," nikamwambia. "Na hapa ni meko. Ni nyumba, Clive. Ya chumba kimoja."

"Ya nani?"

"Sijui. Ya watu. Hapa palikuwa na kijiji."

Clive akavua kofia, na safari hii hakuwa akiigiza mazishi. Alichuchumaa, akaweka kiganja chake kipana pale kizingiti kilipolika. "Bibi yangu," akasema, "alikuwa akituambia akina Preece walikuwa na moshi wao humu ndani ya ukuta, kabla mabwana hawajataka kuona nyasi dirishani. Walibomolewa wakapelekwa kule chini. Sisi tulimcheka. Tukamwambia bibi, kitabu cha jumba kinasema ni malisho ya kondoo."

Fomani akauliza, "Tunaendelea au hatuendelei?"

"Mashine imeharibika," Clive akasema.

"Imeharibika nini?"

"Sijui. Imeharibika mpaka huyu binti aseme imepona."

Nikaenda kupiga simu.  Bwana Garside alikuja, akatambaa kwa magoti na suruali yake nzuri. Tumepewa wiki za kuchimba kwa mkono, na mabomba yatazungushwa njia nyingine. Nyumba ya pili imetokea, na ya tatu, zimejipanga kwenye kichochoro, na kichochoro kinaelekea wapi? Mlangoni mwa kanisa. Kanisa halikujengwa peke yake, mama. Liliachwa peke yake.

Watu wa kijiji wanakuja kila jioni wakitoka kazini.  Wanasimama tu kwenye kamba. Bibi Corfield mwenye jumba alikuja naye, akasema, "Lakini kitabu chetu kinasema malisho." Bwana Garside akamjibu, "Kitabu kitarekebishwa, Bibi."

Jumamosi ya tarehe saba Mei tunaonyesha watu wote. Njooni. Viatu si lazima ving'ae, kuna matope.

Binti yenu,
Denise


Leek,
8 Mei 1994

Mwanangu Denise,

Tumefika salama, goti la baba yako limevimba na hataki kulisemea, na mimi nimeamka sina hata kikohozi. Natumaini umelala, maana ulivyokuwa jana na matope mpaka masikioni nilitamani kukuogesha mbele za watu.

Nakuandikia yale ambayo hukuyaona kwa sababu ulikuwa kazini.

Tulifika mapema kuliko ulivyotuambia. Nilivaa koti la buluu, na tuliposhuka na kuliona jumba lile nikajuta, nikamwambia baba yako tupitie nyuma. Akasema, "Nyuma kwa nani? Tumealikwa." Tukapita mbele. Uwanjani watu wamejaa, wazee wameletwa na viti vyao, watoto mabegani. Wote wamesimama nje ya kamba, na wewe uko ndani, umeinama, unachora mawe yako. Hukutuona. Nilitaka kukuita, nikajizuia.

Kulikuwa na mama mmoja mrefu mbele yangu, skafu ya hariri, mbwa wawili. Akamwambia yule fomani wako, "Hodnett, naweza kuingia sasa?" Fomani akatazama saa yake, halafu akatazama kwako, akasema, "Samahani, Bibi Corfield. Bado hajaturuhusu." Mwanangu! Amesimama kwenye uwanja wake mwenyewe, nyasi zake, mbwa wake, anangoja ruhusa yako! Nilimfinya baba yako mkono mpaka akalia.

Ulipoinuka ukatupungia tuingie, tuliingia kwa zamu. Clive alikuwa kwenye ile nyumba ya kwanza, amevaa tai, anawaeleza watu habari za meko utadhani aliyawasha mwenyewe. "Msikanyage hapo," anasema, "hapo ni mlangoni kwetu." Nilikuwa nimejiandaa kumpa yale ya jagi. Nilimwendea. Nikasema, "Wewe ndiye Clive uliyekula chapati zangu za jibini?" Akawa mwekundu hadi shingoni. Akasema, "Mama, zilikuwa nzuri." Halafu akasema taratibu, wengine wasisikie, "Siku ile ningeshusha ndoo mara moja tu, ningebomoa nyumba ya bibi yangu kwa mkono wangu."  Nikamwahidi chapati nyingine.

Bwana Garside naye alinipa mkono, baada ya kufuta wake kwenye suruali. Aliniambia kuwa barua yako ya kazi ya kudumu iko mezani kwake, ameshaitia saini, hakutaka kungoja mwisho wa mwezi. Alisema watu wengi wanaweza kutambua ukuta, lakini doa jekundu, kwa mtu aliyechekwa siku chache nyuma, si wengi wangeinua mkono. Nilimwambia, "Hata mama yake alimkataza." Akacheka. Mimi sikucheka sana. Ile barua, kama bado iko mfukoni mwa koti, itie motoni.

Baba yako, unavyomjua, hakukwambia kitu zaidi ya "Vizuri." Basi ujue kwamba ndani ya basi alimwambia kondakta, "Binti yetu amesimamisha katapila." Akamwambia kijana aliyekaa nyuma. Tulipobadilisha basi Stafford akamwambia dereva mpya. Leo asubuhi nimemsikia uani anamwambia paka.

La mwisho nilitaka kulitunza mwenyewe, lakini nitakupa. Tulipokuwa pale kichochoroni, kikongwe mmoja akanishika kiwiko. Akanionyesha nyumba ya pili, akasema ni ya akina Medlicott, watu wake, yeye ana hakika, na hata kama hana hakika ameshaichukua. Nikamwambia hongera. Akanitazama, koti langu na viatu vyangu, akaona mtu kama yeye. "Na wewe ni wa nyumba ipi hapa, mwenzangu?" akaniuliza. "Ya tatu?"

Nikatazama upande wako. Ulikuwa unamwonyesha Bibi Corfield mahali pa kuweka mguu.

"Mimi si wa hapa," nikamwambia. "Mimi nimemzaa yule."

Akaniachia kiwiko, akanishika mkono wote. Akawageukia wenzake, akaita kwa sauti, "Mama yake huyu hapa!" na mstari mzima ukageuka kunitazama, na wanaume wakagusa kofia.

Sikuinamisha kichwa, Denise.

Ni mimi,
Mama Denise